Siku Kizibo Kiliporuka Kitale

Kwako Nasimiyu,

Wewe na mama yako mko chumba cha pili mnafungasha, na mimi niko hapa kwenye meza ya jikoni nikijifanya nasoma gazeti. Jumamosi, ulipomaliza glasi yako ukachokoa na rojo la chini kwa kijiko, uliniambia, "Baba, niandikie hii kitu, nisiende kuiharibu huko Bungoma." Nikakujibu kwamba ni rahisi, ni pichi na mvinyo wa povu, basi. Nilikudanganya kidogo. Bellini nimeiharibu mara nyingi, na mara moja niliiharibu vibaya sana hivi kwamba mpaka leo sijakusimulia yote. Ulikuwepo siku hiyo. Lakini ulikuwa na miaka minne, na nadhani kama unakumbuka chochote, ni kicheko chako mwenyewe.

Mambo ya gesi, ya kufuli, na ya kutoshika simu mkononi pale stendi, mama yako ameshayasema na atayasema tena asubuhi. Mimi nayaruka.

Nilipopata kazi ya baa katika ile hoteli ya bustani, nilikuwa kijana wa Bumula aliyejua vinywaji vitatu: chai, soda, na busaa, ile pombe ya nafaka ya wajomba. Nilivaa tai nyeusi nikajiona nimefika. Januari moja akaja mgeni kutoka Italia, mhandisi wa maji, mama mmoja mwembamba tuliyemwita Bi Loredana. Jua la Kitale lilikuwa limekausha nyasi zikawa kama mkeka, naye alisema hewa ile inamkumbusha majira ya joto ya kwao. Akaniomba bellini. Sikuwahi kusikia neno hilo, lakini nikasema, "Mara moja, madam," kwa sababu hilo ndilo nililofikiri ni kazi yangu, kutokuwa na kitu nisichokijua.

Nikauliza jikoni, nikaambiwa ni pichi na mvinyo wa povu. Nikafungua mkebe wa mapichi yaliyotiwa syrup, nikayamwaga kwenye kopo la kutikisia, nikaongeza sukari, nikatia mvinyo, nikafunga kifuniko, nikaanza kutikisa kwa nguvu zangu zote. Kitu chenye povu hakitikiswi, Nasimiyu. Kifuniko kilirukia dari, na mapichi yakamwangukia Bi Loredana kuanzia kola mpaka mkanda.

Nilingoja kufukuzwa kazi. Yeye akajipangusa, akazunguka akaja upande wangu wa kaunta, akasema kwa Kiswahili chake cha kupandisha na kushusha, "Sasa, nionyeshe. Wapi wanauza mapichi ya mti, si ya mkebe?"

Hivyo ndivyo nilivyotumwa sokoni, na hivyo ndivyo nilivyomkuta mama yako.

Alikuwa ameshuka kutoka Kapsokwony kuja kukaa kwa shangazi yake, maana huko mlimani kulikuwa kumeanza kuharibika kwa mapigano. Baba yake alikuwa akimtumia mapichi kwa pikipiki, yamefungwa kwa nyasi kavu ndani ya debe. Alikuwa ameyapanga juu ya gunia, meupe yenye wekundu shavu moja. Nikachuchumaa nikaanza kuyabonyeza kwa kidole gumba, moja baada ya lingine, kama mtaalamu.

"Hiyo ni tunda, si tairi ya baiskeli," akasema. "Ukibonyeza, umenunua."

"Nitajuaje kama limeiva?"

"Nusa hapa, penye lilishikana na mti. Kama halinukii, hata ukilibonyeza mpaka kesho halitakuambia kitu."

Nikanunua yote niliyoyabonyeza, na yalikuwa mengi. Wiki iliyofuata nikarudi, nikanusa. Hivyo utakapotafuta pichi soko la Chwele, au kwa wale wanaoyashusha kutoka mlimani mpaka Bungoma mjini, usilibonyeze. Lipeleke puani. Na uchague lile la nyama nyeupe lenye wekundu karibu na kokwa, kwa sababu wekundu ule ndio utakaoipa glasi rangi yake, hutahitaji kuongeza kitu.

Sitakuambia jinsi nilivyomtongoza mama yako. Yeye anasema sikumtongoza, nilinunua tu mapichi mpaka akanihurumia. Tulianza kukaa pamoja kwa ile ndoa yetu ya Kenya ya kamwesitei, bila mahari, bila wazee, bila picha. Mwaka haukuisha ukazaliwa wewe, wakati wa kiangazi, na ndiyo maana nilikuita Nasimiyu. Mama yako akakuita Chebet, kwa kuwa ulikuja mchana. Ulikuwa na majina mawili lakini hukuwa na babu hata mmoja.

Baba yangu, Kuka wako, alipopata habari ya mama yako, kabla hujazaliwa, alikuja Kitale, akakaa kwenye kitanda changu bila kuvua kofia.

"Mlimani hatuoi," akasema. "Si kwa ubaya. Hatuoi tu."

"Kwa nini, baba?"

"Muulize Wanjala."

Hakukuwa na haja ya kumuuliza. Wanjala, mdogo wake, alikuwa na kinu cha kusaga unga huko juu ya Chwele, mlimani, na ulipofika wakati wa mapigano ya mashamba alifukuzwa na majirani zake mwenyewe. Alirudi Bumula na mke, watoto, na godoro moja. Kinu kilichomwa. Tangu hapo hakuna aliyetaja mlima nyumbani kwetu isipokuwa kusema mvua inatoka huko.

Na baba wa mama yako, Kugo wako Ndiema, hakutuma mtu kunitukana. Hakutuma mtu kabisa. Mapichi yaliacha kushuka, basi. Huko juu walikuwa na miaka yao mibaya, risasi usiku na risasi mchana, na nadhani habari ya binti aliyeishi na mtu wa huku chini ilimfikia kama mzigo juu ya mizigo mingine.

Nikakaa hivyo miaka minne. Hili ndilo kosa langu la kwanza kubwa, na halikuwa kosa la kufanya kitu. Nilidhani jambo lisiposemwa linapoa. Nilimwona mama yako ananyamaza nikasema ametulia. Kumbe anayenyamaza wakati mwingine anahesabu.

Jioni moja, akikunja nguo zako, akaniambia, "Mwakani huyu anaingia nasari. Mwalimu atamuuliza babu yake anaitwa nani. Nitamwambia aseme yupi? Yule hajawahi kumwona, ama yule mwingine hajawahi kumwona?"

Niliinama nikaanza kupanga viatu vyako.

"Waketi meza moja kabla shule kufunguliwa," akasema. "La sivyo mimi na mtoto tunarudi Kapsokwony, angalau tujue tuko wapi." Hakupandisha sauti. Alimaliza kukunja gauni, akachukua lingine.

Kwa desturi mwenye kuoa ndiye hupanda kwenda kwa wakwe, najua. Lakini baba alisema hatapanda mlima, na Kugo akasema hatashuka Bumula. Ikabaki Kitale, nyumba yetu ya kupanga, chumba na sebule ya mabati isiyo na dari. Wote wawili walikubali kwa sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa imevaa viatu vyekundu ikikimbia uani.

Nikawa na wiki mbili za kujiandaa, na nikazitumia vibaya. Mtu mwenye akili angeenda kwa kila mzee, akakaa naye, akasikiliza. Mimi niliwaza nitawapikia nini, nitawanywesha nini. Nilitaka wazee wale waone kwamba kijana huyu wanayemkataa si mtu wa hivihivi, ana ufundi, wazungu wanamsubiri kwenye kaunta. Nikaagiza chupa ya mvinyo wa povu kutoka Eldoret. Nikaazima glasi nyembamba hotelini.

Kugo alifika kwanza, amevaa koti zito na kubeba debe la mapichi. Hakunipa mimi, alimpa mama yako. Kisha wakafika baba na Kukhu, mama yangu, yeye na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Kila mmoja alikusalimia wewe kwa heshima kubwa, kama chifu. Wao kwa wao hawakusalimiana. Na kwa kuwa sofa ilikuwa moja, mzee wa Bumula na mzee wa Kapsokwony wakakaa bega kwa bega, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Kukhu aliomba. Aliomba kwa muda mrefu, nadhani kwa kuwa wakati wa maombi hakuna aliyelazimika kuzungumza. Tulikula kuku. Mifupa ilisikika.

Nikaona sasa ndiyo saa yangu. Rojo lilikuwa tayari. Hilo nililitengeneza vizuri, kama Bi Loredana alivyonifundisha: unachovya mapichi kidogo kwenye maji ya moto, unayahamishia maji baridi, ganda linatoka lenyewe kama soksi. Unaondoa kokwa, unakamulia ndimu kidogo yasigeuke rangi, halafu unayaponda kwa mwiko juu ya chujio mpaka yapite polepole. Usitie kwenye blenda. Blenda inaingiza hewa, na rojo linakuwa la kahawia kabla hujamaliza kulisifu.

Na chupa pia nilifundishwa kuifungua. Hili ulisome mara mbili. Unaipoza kabisa. Unalegeza waya, lakini kidole gumba kinakaa juu ya kizibo wakati wote. Unaiinamisha kidogo. Kizibo unakishika imara, unazungusha chupa, wala si kizibo. Unakihisi kikitaka kutoka, unakizuia, unakiruhusu kidogo, unakizuia tena. Kikitoka, kitoe pumzi tu. Bi Loredana alisema chupa iliyofunguliwa vizuri inasikika kama mtu anayevua viatu akirudi kutoka kazini.

Nilijua haya yote. Nataka ulielewe hilo. Sikukosea kwa kutojua.

Lakini nilikuwa nimeona kwenye televisheni jinsi washindi wa mbio za magari wanavyofanya, na nikatazama ile sebule iliyojaa ukimya, nikasema moyoni, wacha niwaamshe. Nikaitikisa chupa kidogo nyuma ya mgongo. Nikasimama mbele yao, nikatabasamu, nikakiachia kizibo.

Kililia mara mbili, kilipotoka na kilipogonga mabati.

Sikuona Kugo alivyosimama. Niliona tu kwamba sofa ilikuwa tupu na baba yangu yuko sakafuni, kifudifudi, na juu yake amelala Mzee Ndiema na koti lake zito, amemfunika kichwa kwa mikono yote miwili. Kikombe cha chai kilikuwa kinaviringika. Na sauti ilikuwa inatoka chini pale, si ya juu, ya mtu aliyezoea kusema hivyo: "Lala chini. Lala chini. Usiinue kichwa."

Kukhu alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili. Mvinyo ulikuwa unanitiririkia kwenye mkono mpaka kiwikoni. Na wewe, mwanangu, ulicheka mpaka ukakaa chini, ukasema, "Baba, piga tena."

Mama yako alipiga magoti kando ya baba yake, akaweka mkono mgongoni mwake, akamwambia maneno kwa lugha yao, kwa upole, tena na tena. Sijui alisema nini. Sijawahi kumuuliza.

Kugo akajiinua polepole. Akaitazama mikono yake. Akamshika baba yangu kwapani akamsimamisha, akaanza kumpangusa koti, mabegani, mgongoni, kama mtu anayempangusa mtoto. Ndipo wakasemezana kwa mara ya kwanza.

"Umeumia?"

"Kiwiko tu."

"Ni uzito wangu."

"Wewe si mzito," baba akasema. Kisha akauliza, "Hukuona ni mimi?"

Kugo akaendelea kumpangusa. "Niliona ni mtu ako karibu," akasema.

Wakarudi kwenye sofa. Hakuna aliyenitazama, na nilishukuru. Kugo akasema, bila kumwambia mtu fulani, kwamba huko kwao ilifika wakati ambapo ukisikika mlio, unamlaza chini yeyote aliye karibu nawe kabla hujajua ni nini. "Kuna siku moja mtu alikuwa karibu, na mimi nikachelewa," akasema. Alikuwa anamsema kijana wake wa mwisho, Kwemoi. Ndiye yule wa picha iliyo ukutani Kapsokwony, mwenye sweta ya shule, ambaye mama yako hapendi kuulizwa habari zake.

Unamjua Kuka, si mtu wa maneno ya faraja. Akatoa chake, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutoa. Akasema habari za Wanjala, za kinu, za godoro.

Kugo akageuka akamtazama usoni. "Wanjala wa kinu? Yule mfupi?"

"Unamjua?"

"Kwetu tulisaga kwake. Unga wake ulikuwa laini. Mama wa watoto bado anausema mpaka leo." Akamsogelea. "Ako hai?"

"Yuko hai. Yuko Bumula. Hasagi tena."

"Aliondoka na hatukuagana," Kugo akasema. "Mimi sikumfukuza. Lakini pia sikutoka nje."

Mama yako akanipa kitambaa nipanguse mkono, akanionyesha glasi kwa macho. Ndani ya chupa kulibaki nusu. Nikaanza kutengeneza, na kwa haraka nilitia rojo jingi na mvinyo kidogo, karibu uji. Kukhu nilimtilia maji ya soda badala ya mvinyo. Akaonja, akafikiri, akasema, "Ni uji baridi, lakini mzuri." Wazee walikunywa. Kabla jua halijashuka walikuwa wameshapanga siku ambayo baba yangu atapanda Kapsokwony, na akapanda, na mengine yote, ng'ombe na mablanketi na picha ambayo wewe umeshika ua ukinuna, unayajua.

Watu wa familia hupenda kusema kwamba kizibo kile ndicho kilichotuletea amani. Kila harusi lazima mtu aisimulie, na watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Lakini kwako nitasema ukweli, sikubaliani nao. Miezi kadhaa baadaye bibi yako wa Kapsokwony aliniambia, huku akichambua mboga bila kuniangalia, kwamba baada ya siku ile mzee hakulala ndani kwa muda. Alilala kwenye zizi la ng'ombe, karibu na mlango. Amani ilikuja, ndiyo. Lakini mtu mwingine ndiye aliyeilipia, na hakuulizwa. Mambo yakitengenea kupitia kosa lako, furahia kwamba yametengenea, ila usiliite kosa kwa jina lingine.

Kwa hivyo nikapanda. Nilinunua chupa nyingine, nikaifunga kwa gazeti lililolowa ibaki baridi. Pikipiki ilishindwa na kile kilima cha mwisho, nikatembea. Nilimkuta Kugo anapogoa matawi ya mapichi.

"Mzee," nikasema, "ile chupa nilijua namna ya kuifungua kimya."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akakata tawi moja, la pili, la tatu. Nilisimama pale na chupa yangu kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Nilijiandaa kwa maneno makali, na nadhani yangekuwa rahisi zaidi.

"Basi nifundishe," akasema.

Tulikaa kwenye gogo. Nikamwonyesha waya, kidole gumba, mwinamo. Nikamwambia azungushe chupa. Mikono yake ni mikubwa, unaijua, na ya mtu wa miti. Ilielewa upesi kuliko yangu. Alikizuia kizibo kwa muda mrefu sana. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza mlangoni. Halafu ikatoa pumzi, fyuu, basi. Kizibo kilikuwa ndani ya kiganja chake. Akakitazama, akaitazama chupa.

"Iko ingine?" akauliza.

"Hapana, mzee. Ni hiyo moja."

"Siku ingine leta mbili."

Tangu siku hiyo, katika nyumba hii hakuna anayefungua chupa ya povu ila yeye. Umekua ukiona hivyo na labda ulidhani ni heshima ya uzee. Jumamosi alipochukua muda mrefu na chupa na kitambaa chake, ulinikonyeza kama kusema, babu atatukausha leo. Sikukonyeza. Sasa unajua kwa nini.

Nikurudie wewe na chumba chako. Friji huna, lakini mwenye nyumba wako, Mama Jaswinder wa lile duka la vipuri, ana friza kubwa nyuma, na nilipoenda kuona chumba aliniambia nisiogope, barafu si tatizo. Mpelekee mapichi manne, usiende mikono mitupu. Rojo lipoe, mvinyo upoe, hata glasi zipoe. Kipimo ni rojo sehemu moja kwa mvinyo sehemu mbili. Tia rojo kwanza, ongeza mvinyo kidogo kwenye ukingo wa glasi, koroga mara moja kutoka chini, ngoja povu lishuke, halafu ongeza uliobaki. Ukiharakisha litapanda limwagike, utabaki na meza tamu na glasi tupu. Na wikendi za mitihani, au ukiwa na wenzako wa chuo wasiokunywa, tumia maji ya soda na ndimu zaidi. Ni kinywaji kamili, si mdogo wa kile kingine. Kukhu ameishi nacho miaka yote na hakuna sherehe iliyompita.

Usitie sukari. Kama pichi linahitaji sukari, lilihitaji siku mbili zaidi dirishani.

Jumapili moja, panda bodaboda uende Bumula ukamwone babu Wanjala. Kugo alishuka kumsalimia, mwaka uleule, akamletea mche wa pichi. Walikaa chini ya mti wa kahawa siku nzima. Nilikuwepo, na sikusikia wakiongea jambo kubwa lolote. Waliongea habari za mawe ya kinu, namna ya kuyachonga. Mche ule ulikua ukawa mti mkubwa, lakini Bumula kuna joto, hakuna baridi ya kuuamsha, na haujawahi kuzaa hata tunda moja. Watu wanamwambia Wanjala aukate apande parachichi. Anawaambia waondoke. Anaumwagilia. Ukifika mwambie umetoka Kitale, halafu kaa, usiwe na haraka. Atakuonyesha maua.

Huko Bungoma watakuuliza wewe ni wa wapi. Kwa jina watasema wewe ni wa kwao, kwa sura wengine watasita. Mimi nilipokuwa na umri wako ningekuandalia jibu. Sasa sina. Nimeona watu wazuri wakilijibu swali hilo vibaya, na nimemwona mzee mmoja akilijibu vizuri akiwa sakafuni, bila kuulizwa. Utapata lako, na si lazima liwe lilelile kila siku.

Ninafurahi, Nasimiyu. Nilidhani leo ningekuwa na huzuni, na nimeitafuta nisiione sana. Nimepata mke aliyenihurumia, kazi ninayoipenda, na binti anayekwenda kujifunza uuguzi mahali ambapo Jumapili ya mvua naweza kufika kabla ugali haujapoa. Kuna watu walioomba makubwa zaidi wakapata kidogo kuliko hivi.

Nawasikia kupitia ukuta. Mnabishana juu ya lile blanketi zito la Kugo. Unamwambia mama yako kwamba Bungoma kuna joto, kwamba begi limejaa, kwamba hutalitumia hata siku moja. Una haki kwa yote matatu.

Lichukue. Si la baridi.

Baba yako